Ng'ombe Mwekundu wa Mpishi

Watu wa mtaa wetu wakisikia namtaja Mpishi hutabasamu, kwa kuwa wanakumbuka utamu. Mie nakumbuka utamu na nakumbuka udhia, na udhia ulikuwa mwingi zaidi. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta hapa Lindi kwa miaka karibu ishirini, na sidhani ulipita mwezi bila kunipandisha hamaki. Wapishi mjini walikuwa wengi, kila nyumba ya Mzungu ilikuwa na wake, lakini ukisema "Mpishi" bila kuongeza neno, hata kipofu angekuonyesha mlango wake. Alikozaliwa sikujui. Siku moja alisema Mitole, siku nyingine Unguja, na safari moja alidai kwao ni melini. Nikaacha kuuliza.

Alikuwa amepika bomani, Bwana Shauri mmoja, yule mkuu wa Kizungu wa wilaya, akiondoka na mwingine akiingia, hata akastaafu na aproni yake. Aproni hiyo nyeupe aliivaa juu ya kanzu kila siku ya Mungu, hata msibani. Aliifua mwenyewe Alhamisi, akaianika upande wetu wa ukuta kwa madai kwamba jua la upande wake halina nguvu. Ukimwambia, "Mpishi, kamba ile yangu nataka kuanika," atakujibu, "Anika tu mwanangu, lakini usiguse." Sasa utaanika vipi bila kugusa? Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake na watu.

Na vifuniko. Mtu yule hakuweza kupita karibu na chungu cha mwenzake akakiacha kimefunikwa. Ataingia uani kwangu, atapiga hodi akiwa ameshafika jikoni, atafunua, atanusa, ataonja kwa ncha ya kidole, halafu atanitazama kwa huruma. "Nazi umeiharakisha," atasema. Au, "Mchuzi huu una haya, hebu utie chumvi usimame." Atatia yeye, bila kungoja ruhusa. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mume wangu akirudi akila, husifu. Lakini jiko lake Mpishi hakuingia mtu. Lilikuwa na mlango wa mbao na kitasa, jiko la kwanza nililoliona lina kitasa, na ufunguo aliufunga kwenye uzi wa aproni.

Semi zake nazo zilinichosha. "Chakula huliwa kwanza na macho, kisha na masikio, ulimi hupewa makombo." Huo alinisomea mara zisizo idadi. Mwingine ulikuwa, "Mpishi asiye na siri ni kuni tu." Nilimjibu siku moja kwamba kuni ndizo zipikazo, akaninunia siku tatu.

Sasa niseme habari ya jibini, maana ndiyo iliyomfanya awe Mpishi.

Huku kwetu ng'ombe ni wachache, mbung'o hawaruhusu. Maziwa tuliyajua ya kopo, na jibini tuliijua kwa kusikia, kuwa ni kitu cha Wazungu, hukaa koponi na hunuka. Mpishi akatuletea. Alisukuma unga wa ngano mwembamba hata ungeona mkono upande wa pili, akaukata vijiti vya urefu wa kidole, akavioka katika debe lenye makaa juu na chini. Vikitoka vimekauka, alivinyunyizia unga wa manjano, wenye chumvi na ukali fulani mtamu ambao ukishaujua haukuachi. Hiyo ndiyo jibini ya Mpishi. Baada ya alasiri aliketi barazani na sinia lake, na watu waliotoka msikitini walipita kwake kabla ya kwenda kwao. Wazungu walipojaa Lindi kwa ajili ya ile kazi ya Serikali ya mashamba makubwa ya karanga, hata wao walituma watu kununua, naye siku hiyo alitembea mtaa mzima kutuarifu.

Palizuka maneno kwamba jibini ina nguruwe ndani yake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikwenda kumuuliza, tena mbele za watu. Mpishi akaapa kwa Mola wake kwamba hakuna nguruwe, hakuna mafuta ya nguruwe, hakuna haramu yoyote iliyogusa sinia lile. Mwalimu akachukua kijiti, akala, yakaisha. Alikuwa mwepesi wa kuapa, na viapo vyake vyote, najua leo, vilikuwa vya kweli.

Lakini fahari yake hasa ilikuwa pakiti. Wengine wote waliuza visheti na kashata katika kipande cha gazeti au jani la mgomba. Mpishi alisema kufunga chakula katika gazeti ni kumlisha mtu uongo wa juzi. Yeye alikusanya ile karatasi ya kung'aa iliyomo ndani ya masanduku ya chai, akainyoosha kwa mgongo wa kijiko, akafunga vijiti kumi kumi, pembe zote akizichomeka ndani kama foronya. Kisha juu yake alibandika, kwa uji wa ngano, karatasi iliyobanduliwa kwenye kopo la jibini la Kizungu. Makopo matupu aliletewa na wapishi wenzake. Aliyaweka juu ya mvuke mpaka karatasi ikajilegeza yenyewe, akaitoa nzima. Ilikuwa na picha ya ng'ombe mwekundu aliyegeuza shingo, na chini yake maandishi madogo ya Kiingereza. Alimpenda ng'ombe yule. Niliona kwa macho yangu akimfuata mteja hadi njia panda ili aifunge upya pakiti iliyokunjwa vibaya. Na ukistaajabu ubahili wake wa kudai ile karatasi ya kung'aa irudishwe, utamkuta Ijumaa akimpa maskini wa mlangoni pakiti tatu, na hao hakuwadai kitu.

Nina binti, Mwanaisha. Ukoo wa mume wangu, watu wa Kilangala, wana mwiko wa korosho, na mwiko wao si wa maneno. Mwanaisha alipokuwa mdogo alitafuna korosho moja iliyochomwa, moja tu, uso ukamvimba hata macho yakapotea. Bibi yake akasema mbona hamkuniuliza, shangazi yenu mkubwa alikufa kwa hiyo hiyo. Tangu hapo korosho haikuingia nyumbani kwangu. Na kuishi huku kwetu bila korosho ni kazi. Msimu ukifika kila ua unachoma, kila mtoto ana korosho mfukoni, kila mgeni anakuja nazo kwenye kikapu. Nilikuwa mlinzi wa mdomo wa mwanangu kwa miaka kumi na mitano.

Kwa hiyo jibini ya Mpishi nilimkataza, kwa kuwa sikujua ina nini. Mtasema si ungemuuliza. Kwetu haulizwi mtu ametia nini katika chakula anachokupa. Ukiuliza hivyo umeshamwita mchawi, na neno hilo likishatoka halirudi. Unakula au unasema umeshiba. Mwanaisha alisema ameshiba miaka yote hiyo, na Mpishi akaona uchungu. "Mtoto wa pua na mdomo," akawa ananiambia juu ya ukuta, "mtaa mzima unakula, yeye pekee kashiba. Anashiba nini, mama Mwanaisha? Upepo?"

Basi ikaja posa. Watu walitoka Kilwa Kivinje, watu wenye jina, na Mpishi akatangaza kwamba sinia la wageni litakuwa la kwake, zawadi, wala nisibishe. Nikaona sasa nifanye akili. Nikachukua pakiti moja, nikabandua ile karatasi ya ng'ombe taratibu, nikaipeleka posta kwa karani aliyejua Kiingereza. Karani akavaa miwani, akaipeleka karatasi dirishani.

"Hapa wanasema maziwa ya ng'ombe," akasoma. "Chumvi. Kisha neno hili silijui, lakini si chakula, nadhani ni dawa ya kuzuia kuoza."

"Korosho hakuna?"

"Hakuna."

"Tazama tena, kaka yangu, nina sababu."

Akatazama tena, kidole mstari kwa mstari. "Hakuna korosho, dada. Wazungu hawatii kitu kisha wakakificha."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilimwambia Mwanaisha, siku yako utakula jibini kama watu. Nilijiona mimi ndiye mama mwenye busara kuliko wote Lindi, na hilo nalisema ili mjue kwamba udhia wangu wote si wa Mpishi peke yake.

Siku yenyewe Mwanaisha alikaa ndani na somo wake. Somo wake alikuwa Bi Zuhura, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukicheza mdako, ndiye aliyemfunza mwanangu mambo ya utu uzima na ndiye aliyepaswa kumsimamia mpaka arusi. Zuhura akampelekea sahani yenye vijiti vitano na kikombe cha kahawa. Wageni wakiwa bado wanapeana mkono nje, nikasikia kikombe kimeanguka. Nilipoingia, midomo ya Mwanaisha ilikuwa imeshavimba, koo linapiga filimbi, vidole vinakwaruza mkeka. Zuhura amempakata, anampepea kwa upande wa kanga, anasoma kila dua aijuayo. Alikaa hivyo mpaka jua likazama na mwenyewe hakunywa hata maji. Mwanaisha alipona. Alipona siku ya pili, mwembamba, hana sauti. Lakini watu wa Kilwa walikwishaondoka kimya kimya, na posa ikafa.

Mama mkwe wangu akaketi katikati ya wanawake akauliza, "Nani alimpa sahani?"

Kila mtu alijua. Na kila mtu alijua pia kwamba Zuhura ana binti ambaye hajaposwa. Hakuna aliyelisema, waliliacha likae tu pale mkekani. Mimi nilikuwa na karatasi kifuani, iliyosomwa mara mbili, inayosema maziwa na chumvi. Ikiwa jibini ni safi, basi ni nini? Nikamgeukia rafiki yangu mbele ya wanawake wote nikasema, "Zuhura, ulimtilia nini mwanangu?"

Swali lile nililolionea haya kumuuliza jirani juu ya ukuta, nikamuuliza yeye.

Zuhura hakulia. Alikunja ile kanga aliyokuwa akimpepea Mwanaisha, akaiweka chini, akatafuta viatu vyake mlangoni. Mwezi haukuisha akahamia Mchinga, kwa mama yake. Binti yake aliolewa huko huko. Mwanaisha naye, Mungu si Athumani, alipata mume baadaye, mtu mwema. Lakini mimi na Zuhura hatukuonana, wala sikutuma salamu, wala yeye.

Na Mpishi? Mpishi siku ile alisimama uani na ndoo ya maji, aproni imelowa yote, hasemi neno. Nilidhani ni jirani mwema. Kwa siku kumi alimletea Mwanaisha uji wa mchele aliousaga mwenyewe, akawa anakaa mlangoni mpaka bakuli liwe tupu. Baada ya hapo hakutuletea jibini tena, hata Idi. Nikasema, huyu amenuna kwa sababu sinia lake siku ile halikuliwa. Nikawaambia watu hivyo, na watu wakakubali, maana kununa ilikuwa tabia yake.

Ikapita miaka saba. Mpishi akaingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu wakaanza kucheka kwamba ng'ombe wa Mpishi sasa amelala chali, maana karatasi alizibandika juu chini. Asubuhi moja akanigongea ukuta.

"Mama Mwanaisha. Hebu njoo unishikie ng'ombe."

"Shikamoo, Mpishi."

"Marahaba. Njoo huku, pita jikoni."

Jikoni. Nilidhani sikusikia vizuri. Akaufungua ule ufunguo wa kwenye aproni, akahangaika na kitasa, nikaingia mahali ambapo hapajaingia mtu. Palikuwa pasafi kuliko kwangu, na hilo nalo liliniudhi. Akanipa karatasi na bakuli la uji wa ngano, nikaanza kubandika. Pembeni palikuwa na chungu kimefunikwa kwa kitambaa, kinatoa harufu chachu, ile ile ya jibini. Na mimi, kwa miaka yote aliyonifunulia vyungu vyangu, nikanyoosha mkono nikafunua chake.

Zilikuwa korosho. Korosho nyeupe, zilizomenywa, zimepondwa, zimewekwa na maji ya chumvi hata zimechachuka na kutoa povu. Pembeni palikuwa na ungo wa zilizokwisha kuanikwa na kusagwa, na kichupa cha manjano.

"Mpishi," nikasema. "Jibini iko wapi?"

Akageuza uso kunielekea, na nadhani aliisikia sauti yangu. "Jibini ndiyo hiyo."

"Hizi korosho."

"Zikikaa siku tatu zina ladha ya jibini. Bwana Shauri mmoja alikula hakutambua. Niliibuni mwenyewe, mama, wakati meli haikuja." Na hata pale, naapa, palikuwa na fahari katika sauti yake.

"Nilisomesha karatasi. Nilikwenda posta, karani akasoma mara mbili. Maziwa na chumvi."

"Karatasi ni ya kopo," akasema polepole, kama anamwelewesha mtoto. "Ilikuwa juu ya kopo. Miye nilipenda ng'ombe."

Nilikaa chini. Sijui nilisema nini kwanza. Nakumbuka nilimuuliza kama alijua habari ya mwiko wa Mwanaisha, akasema hakujua mpaka siku ile, alipowasikia wanawake wakitaja. Nikamuuliza mbona hakusema siku ile, au ya pili yake, au katika siku kumi za uji. Akajibu jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najikuta nimekunja ngumi.

"Hamkuniuliza. Mliniuliza nguruwe, nikaapa. Korosho hakuna aliyeniuliza."

"Zuhura aliitwa mchawi kwa ajili yako."

Akausugua ufunguo kwa pembe ya aproni. Kisha akasema, "Ningesema hakuna jibini, ningekuwa nani? Kila mwanamke huku anachoma korosho."

Nilimfokea. Mtu mzima kama yule, aliyenizidi miaka thelathini, nilimfokea mpaka kuku wakatoka uani. Nikamwambia kesho tunakwenda Mchinga, na atasema kwa mdomo wake mbele ya Zuhura, na akikataa nitabandua kila ng'ombe wa Lindi nimpeleke sokoni, niseme chini yake mna nini. Akasema anaumwa miguu. Akasema macho. Akasema lori la nazi linatikisa. Asubuhi nilipotoka nikamkuta ameshakaa juu ya gunia nje ya mlango wake, aproni imepigwa pasi, ananiambia nimechelewa.

Njia nzima hatukusemezana, isipokuwa aliponieleza kwamba mkate nilioubeba haukuiva katikati.

Zuhura tulimkuta anapepeta mchele. Amezeeka, na mimi nimezeeka, na hakusimama. Alimwamkia Mpishi, akatutandikia mkeka kwa adabu ya kumtandikia mgeni yeyote. Nikakaa ubavuni mwa Mpishi, mkono wangu mgongoni mwake, nikamsukuma kidogo aanze.

Akavua aproni. Sikupata kumwona bila hiyo, alionekana mdogo. Akaikunja, akaiweka mapajani, akasema yote, taratibu, bila kupamba: korosho, chumvi, siku tatu, manjano, karatasi ya kopo la watu. "Jibini haimo, haikupata kuwamo," akasema. "Na kwenye ile sahani wewe hukutia kitu. Mie ndiye niliyetia, nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu, Mungu ananiona."

Nikashusha pumzi. Nilihisi kazi imekwisha, nikawa nafikiria lori la kurudi.

Zuhura alipepeta mara mbili tatu. Kisha akauweka ungo chini akasema, "Mzee nimekusamehe. Wewe ulilionea aibu jambo lako, ukalificha." Ndipo akanitazama, mara ya kwanza tangu tufike. "Huyu kaja kusema alichotia. Na wewe mwenzangu umekuja kusema nini? Maana korosho haikuniita mchawi."

Nilikuwa nimempanga Mpishi maneno usiku kucha, langu sikulipanga hata moja. Nilikuwa na ile karatasi ya ng'ombe kifuani bado, nimeibeba niionyeshe, ushahidi kwamba mimi nilifanya uangalifu, nilisomesha. Nikaishika, nikaona aibu kuitoa.

Mpishi akajivuta pembeni ya mkeka, akapapasa kwa mkono mpaka akahakikisha nafasi iliyobaki mbele ya Zuhura inanitosha.

"Haya, sogea hapa useme," akaniambia, kwa sauti ile ile ya kunisahihisha mchuzi. "Langu nimeshalisema, na bado napumua."

Nilimchukia kidogo kwa sababu alikuwa sahihi. Nikasogea pale aliponionyesha, nikaanza kwa jina lake, Zuhura.